Leseni Mkononi, Ndege Hakuna

Ajira ya urubani katika mashirika ya ndege haitafutwi kama ajira nyingine. Mwalimu au mhasibu akikosa nafasi mwaka huu, elimu yake humngoja hadi mwakani. Leseni ya rubani haimngoji mtu. Cheti cha afya kina tarehe ya mwisho, kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo kina tarehe ya mwisho, na mikono isiyoshika usukani nayo husahau. Kwa hiyo rubani mpya anapoambiwa hakufanikiwa, hubebeshwa mizigo miwili kwa mpigo: uchungu wa kukosa kazi, na gharama ya kubaki tayari kwa nafasi ijayo ambayo hajui itatangazwa lini.

Kipimo cha kwanza cha kazi hii ni saa za kuruka. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni ya rubani wa biashara hupatikana kwa saa zisizopungua 200, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ile ya kapteni wa ndege kubwa ya abiria, hudai saa 1,500. Kila saa huandikwa katika logibuku: tarehe, aina ya ndege, namba ya usajili, iliporuka na ilipotua, mchana au usiku, na kama rubani alikuwa na mwalimu au ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndege. Wasaili hukifungua kitabu hicho mapema, na jumla iliyo chini ya ukurasa wa mwisho huamua mengi kabla mwombaji hajafungua mdomo.

Vijana wa Afrika Mashariki huzipata saa zao za kwanza katika vyuo vya Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, katika chuo cha Soroti nchini Uganda, Addis Ababa, Afrika Kusini au Marekani. Anayesomea ugenini hurudi na leseni ya nchi nyingine, hivyo hulazimika kwanza kuibadilisha katika mamlaka ya usafiri wa anga ya nchini kwake, ikiwa ni pamoja na mtihani wa sheria za anga. Wengi huhesabu ada ya chuo peke yake na kusahau hatua hii, pamoja na miezi inayopita kabla ya barua ya kwanza ya maombi kutumwa.

Kwa upande mwingine, habari za uhaba wa marubani hazikauki masikioni. Makadirio ya kampuni ya Boeing ya mwaka 2023 yalisema dunia ingehitaji marubani wapya zaidi ya 600,000 katika miaka 20. Kwa takwimu kama hizo wazazi huuza kiwanja, ndugu hufanya harambee, na benki hukopesha. Kisichosemwa sana ni kwamba anayekosekana zaidi ni kapteni, au rubani ambaye tayari ana kibali cha aina ya ndege ambayo shirika linaitumia. Rubani wa saa 200 ni mzigo kabla ya kuwa msaada. Anahitaji mafunzo ya aina mpya ya ndege, muda katika simuleta, yaani mtambo unaoiga ndege, na kapteni mkufunzi wa kukaa naye kwa wiki nyingi. Kampuni za bima nazo huweka kima cha chini cha saa kwa atakayekabidhiwa ndege. Ndiyo maana nchi moja inaweza kulalamika kwamba haina marubani huku mamia ya wenye leseni wakisota mitaani.

Jambo la pili linaloamua ni wakati. Shirika huajiri pale ndege inapofika, kapteni anapostaafu au rubani anapohama. Kuwapo kwa vijana wazuri sokoni peke yake hakutoshi. Katika safari za kimataifa za kibiashara zenye marubani wawili, ICAO imeweka ukomo wa umri wa miaka 65. Ndege moja nayo hairushwi na jozi moja ya marubani. Kanuni za Ulaya, kwa mfano, humruhusu rubani kuruka saa 900 kwa mwaka wa kalenda. Ndege ikiwa angani saa 10 kila siku, mwaka mzima itaruka saa 3,650, na hesabu hiyo peke yake inataka zaidi ya jozi nne, kabla ya kuhesabu likizo, ugonjwa na mafunzo. Ndege moja mpya huweza kuwapa kazi marubani kumi au zaidi, na ndege moja ikiegeshwa, wote hao hubaki bila cha kurusha.

Historia ya karibuni ya Afrika Mashariki inaonyesha jinsi mlango huo unavyofunguka na kufungwa. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilinunua ndege mbili za Q400 ili kuifufua Air Tanzania. Boeing 787 ikafika Julai 2018 na Airbus A220 mwishoni mwa mwaka huohuo. Kila aina ilidai marubani wake. Mwaka huohuo wa 2016, Kenya Airways iliyokuwa imeelemewa na hasara ilikuwa ikikodisha baadhi ya ndege zake kubwa kwa Turkish Airlines na Oman Air. Kisha ikaja korona: kwa takwimu za ICAO, abiria duniani walishuka kutoka bilioni 4.5 mwaka 2019 hadi bilioni 1.8 mwaka 2020. Mwaka 2022 Air Tanzania ikalazimika kuegesha baadhi ya A220 kwa matatizo ya injini yaliyozikumba ndege za aina hiyo hata kwingineko. Vijana wawili wenye alama sawa, waliosoma chuo kimoja, mmoja akimaliza mwaka 2018 na mwingine Februari 2020, hawakuingia katika soko moja. Tofauti kati yao ilikuwa kalenda.

Nafasi inapotangazwa, mchujo huanza kwa karatasi. Shirika hutaka nakala ya leseni, cheti cha afya cha daraja la kwanza, uthibitisho wa kiwango cha Kiingereza kuanzia daraja la nne katika ngazi sita za ICAO, na mchanganuo wa saa: ngapi kwa ndege ya injini mbili, ngapi usiku, ngapi kwa vyombo, ngapi akiwa msimamizi. Wasifu wa rubani haufai kuwa hadithi ndefu. Anayeupitia hutaka kuiona jumla ya saa na aina za ndege katika ukurasa wa kwanza, na zilingane na logibuku. Makosa ya kujumlisha, cheti kilichokwisha wiki iliyopita au picha ya leseni isiyosomeka humwondoa mtu ambaye angefaulu kila kilichofuata.

Baada ya karatasi huja majaribio ya kompyuta. Mtahiniwa hushika fimbo ndogo na kuhakikisha nukta inayotangatanga kwenye kioo haitoki katikati ya duara. Wakati huohuo sauti katika vipokea sauti humtajia namba, naye hutakiwa kubonyeza kila anaposikia namba witiri mbili mfululizo. Kisha pembeni ya kioo hutokea hesabu ya kugawanya. Jaribio kama hili halipimi elimu. Linapima mtu anavyogawa akili yake kazi zinapomzidi, na anachoamua kukiacha kwanza. Mazoezi husaidia, hasa kuondoa mshangao wa mara ya kwanza, lakini hayawezi kumgeuza mtu kuwa mwingine.

Usaili wa ana kwa ana una pande mbili. Upande wa ufundi huuliza hali ya hewa, uzito na mizania ya ndege, sheria za anga, na kwa nini bawa huacha kuinua ndege pale pua inapopandishwa kupita kiasi. Upande wa utumishi huuliza juu ya watu: mwombaji aliwahi kutofautiana na aliyemzidi cheo, alifanyaje? Swali hili lina historia nzito. Mwaka 1977 ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife na watu 583 wakafa. Kapteni wa ndege mojawapo alianza kuruka bila ruhusa, na wenzake chumbani hawakumzuia kwa sauti iliyotosha. Tangu miaka iliyofuata, mashirika hufundisha na kupima ushirikiano wa chumba cha marubani kama somo linalojitegemea. Kijana aliyelelewa kutombishia mkubwa hutakiwa kuonyesha kwamba anaweza kumwambia kapteni, kwa adabu na kwa uwazi, kwamba ndege iko chini mno.

Hatua inayoogopwa zaidi ni simuleta. Mara nyingi mwombaji huwekwa katika aina ya ndege ambayo hajawahi kuirusha, akapewa dakika chache za maelezo na karatasi yenye mwendo na nguvu za injini za kushika. Ataombwa apande, akate kona kali, afuate mawimbi ya redio hadi kwenye njia ya kutulia. Kisha, mara baada ya kuruka, injini moja itazimwa. Msaili hategemei ustadi wa kapteni mwenye uzoefu wa miaka 10. Anaangalia kama pua inabaki palepale, kama mguu unakanyaga pedali ya upande ulio sahihi, kama mtu anamwambia mwenzake anachokiona kabla ya kugusa chochote. Februari 2015 ndege ya ATR 72 ya TransAsia ilianguka jijini Taipei, watu 43 wakafa, kwa sababu injini moja ilipopoteza nguvu marubani waliizima ile iliyokuwa nzima. Mwombaji mwenye haraka ya mikono, hata kama anaruka vizuri, hukataliwa kwa sababu hiyo.

Kukataliwa, basi, hakuna maana moja. Aliyekwama kwenye karatasi amekosa saa, cheti au umakini wa kujaza fomu. Aliyekwama kwenye kompyuta anahitaji mazoezi na subira, kwa kuwa mashirika mengi humzuia kurudia kabla ya miezi sita au mwaka. Aliyekwama kwenye maswali ya ufundi ameachia vitabu vikavaa vumbi. Aliyekwama kwenye simuleta amekaa muda mrefu bila kuruka, au anafanya kazi kimyakimya. Na aliyefaulu kote akaambiwa nafasi zimejaa, hakufeli: alikuwa wa tisa penye viti vinane. Hatua ya kwanza yenye faida baada ya barua ni kujua ni ipi kati ya hizi iliyomkuta mtu, na kuandika siku hiyohiyo maswali aliyoulizwa na pale alipokwama, kabla kumbukumbu haijaanza kumtetea. Shirika likiombwa maelezo kwa barua fupi ya heshima, huenda likayatoa, ingawa mengi hayatoi. Mengine hayajibu hata maombi yenyewe, na ukimya wa miezi mitatu nao huhesabiwa kuwa jibu.

Kuna pia kukataliwa kwa dhuluma. Mwaka 1957 Marlon Green, Mmarekani mweusi aliyekuwa rubani wa jeshi la anga, aliomba kazi katika shirika la Continental. Katika fomu aliacha wazi sehemu ya kutaja rangi yake. Aliitwa, akafanya majaribio, na waliochukuliwa walikuwa na saa chache kuliko zake. Green alipeleka malalamiko kwa tume ya jimbo la Colorado, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Aprili 1963 iliamua kwa kauli moja kwamba sheria ya jimbo ya kukataza ubaguzi inalihusu pia shirika la ndege. Continental ilimwajiri mwaka 1965. Siku hizi, katika nchi nyingi, malalamiko yanayosikika zaidi ni ya kujuana, vimemo na jina la ukoo. Dhuluma ya namna hii ni ya kweli pale inapotokea, na dawa yake ni vyombo vya sheria, vyama vya marubani na matangazo ya wazi ya nafasi. Hata hivyo, anayeona kujuana nyuma ya kila barua hujinyima nafasi ya kusahihisha kile kilicho mikononi mwake.

Uchungu wenyewe hauna budi kupewa nafasi yake. Rubani mpya hubeba jina kabla ya kazi. Siku ya mahafali alipigwa picha amevaa shati jeupe lenye mistari mabegani, na tangu hapo mtaani huitwa kapteni. Miaka miwili baadaye, kwenye harusi ya binamu, mjomba aliyechangia ada humuuliza mbele za watu anarusha ndege gani siku hizi. Aibu hii ndiyo huwafanya wengi wajifungie, wakwepe simu za wenzao wa darasa, au wakimbilie pombe. Linalosaidia zaidi ni kuieleza familia mapema, kwa hesabu zilizo wazi, kwamba kati ya leseni na kazi ya kwanza inaweza kupita miaka, na kwamba aliyechangia hajatapeliwa. La pili ni kutoamua jambo kubwa katika siku za kwanza: kutouza vitabu, wala kutokopa upya kwa hasira.

Marubani huogopa pia kusema kwamba wamezidiwa, wakidhani watanyang'anywa cheti cha afya. Woga huo ulimulikwa baada ya Machi 2015, rubani msaidizi wa shirika la Germanwings, aliyekuwa amemficha mwajiri wake maradhi ya akili, alipoiangusha ndege makusudi katika milima ya Alps na kuua watu wote 150. Tangu mwaka 2021 mashirika ya Ulaya yanalazimika kuwapa marubani utaratibu wa kuzungumza na wenzao waliofunzwa, kwa siri na bila kuadhibiwa. Huzuni ya kukosa kazi si maradhi, na kuizungumza na mtu anayeaminika hakumwondolei mtu sifa. Kinachohitaji daktari ni huzuni isiyoondoka, usingizi uliopotea kwa wiki nyingi, au mawazo ya kujidhuru. Na anayefika kwa daktari mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi angani.

Wakati wa kungoja, fedha kidogo zilizopo zina mpangilio. Cheti cha afya hutangulia, kwa sababu bila hicho hakuna usaili. Hufuata kibali cha vyombo, kisha saa chache za kuruka zilizotawanywa ndani ya mwaka, badala ya kuruka nyingi kwa wiki moja na kukaa kimya miezi kumi. Anayeweza kugharimia mafunzo ya ukufunzi hujipatia njia ya kuongeza saa huku akilipwa. Wengine huingia uwanjani kwa mlango mwingine: kupanga safari, kuhesabu mizigo, kuhudumu ofisi za uendeshaji. Kazi hizo haziongezi saa, ila humweka mtu mahali ambapo tangazo la ndani husikika kabla ya kutoka nje.

Njia iliyowatoa wengi Afrika Mashariki ni ndege ndogo. Kampuni za Dar es Salaam, Arusha, Zanzibar na Wilson hurusha Cessna Caravan kwenda Serengeti, Ruaha, Maasai Mara na visiwani. Safari ya Dar es Salaam hadi Zanzibar huchukua kama dakika 20, hivyo rubani anaweza kuruka na kutua mara nyingi kwa siku, akashughulika na mvua ya masika, njia za udongo, na abiria wenye mizigo iliyozidi. Bandu bandu huisha gogo: saa 1,500 hujazwa kwa safari kama hizo. Wengine huenda Sudan Kusini, Somalia au Kongo kubeba mizigo na misaada. Huko saa hupatikana upesi, lakini shinikizo la kuruka katika hali mbaya linaweza kuwa kubwa, na rubani kijana anapaswa kuamua kabla ya kusaini ni safari ipi atakayoikataa.

Ukata pia huvuta walaghai. Shirika linalojiheshimu halitozi ada ya usaili, wala halimtumi wakala wa mtandaoni anayedai fedha kwa simu ili jina liingie orodhani. Zipo pia kampuni ambazo humuuzia rubani kiti, akalipa mwenyewe ili aruke na abiria. Hurudi nyumbani na saa kadhaa, deni kubwa na mkataba uliokwisha. Hata ajira halali ina masharti ya kusomwa. Anayelipiwa mafunzo ya aina ya ndege mara nyingi hufungwa kwa dhamana ya miaka kadhaa, na akiondoka mapema hurudisha fedha.

Hatari nyingine ni kuongeza saa zisizorukwa au kuficha mtihani uliofeliwa. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, watu 50 wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba kapteni, alipoomba kazi, hakutaja mitihani yote ya kuruka aliyowahi kufeli. Marekani ikatunga sheria ya kuweka kumbukumbu za marubani mahali pamoja ili waajiri wazione, na tangu 2013 ikamtaka pia rubani msaidizi wa mashirika ya abiria awe, kwa kawaida, na saa 1,500, ingawa wote wawili waliokuwa katika ndege ile walikuwa wamezivuka. Mtihani uliofeliwa, ukarudiwa na kuelezwa, huvumilika. Uliofichwa ukigunduliwa hufuta kila kitu, na logibuku ya uongo inaweza kumpotezea mtu leseni yenyewe.

Mwisho, kila mwombaji anahitaji kuweka mpaka wa fedha na wa muda, na kuuweka akiwa ametulia. Mtu aliyejiwekea kwamba atahuisha leseni kwa miaka mitatu huku akifanya kazi nyingine, kisha atapima upya, hangoji kwa upofu, na akiacha hajashindwa. Wazazi wanaofikiria chuo cha urubani wafanye hesabu hiyo kabla ya kulipa ada: watenge fedha za masomo, na fungu jingine la angalau miaka miwili ya kuiweka leseni hai. Familia isiyoweza kulipata fungu la pili haijawa tayari kuanza la kwanza.